Betri Nilizokataa Kuzifungua

Ndugu zangu, mniwie radhi nimesimama na kofia mkononi, sijui niiweke wapi. Mungu ni mwema hata kwa mtu mwenye hasira, na mimi hasira bado ninayo. Mchungaji ameniomba niwaeleze jinsi gari langu lilivyokufa na kufufuka. Nitaeleza yote, ila jina la mtu sitataja. Na nyie kule nyuma, acheni kutazamana.

Pikapu yangu mnaijua. Imebeba ndizi zenu kutoka Kanoni hadi Kayanga tangu enzi ikiwa na rangi. Injini yake ilikunywa petroli kuliko mnavyokunywa rubisi kwenye harusi, na siku moja ikafa kabisa. Sisi nyumbani tunakula kwa lile gari. Lisipotembea, jiko haliwaki. Mimi nafunga sola kwenye nyumba za watu, umeme naujua kidogo, na nilishaona kwenye simu jinsi watu wanavyotoa injini na kuweka mota. Nikamwambia mke wangu gari letu litatembea kwa umeme. Akaniuliza kama nimekula.

Shemeji yangu akaja, tukafunga mnyororo kwenye mparachichi wa uani, tukaing'oa injini. Mota niliipata kutoka kwenye mashine mbovu ya kunyanyulia mizigo. Fundi mkereza vyuma akanichongea bamba la kuiunga na gia boksi. Ikabaki betri.

Sasa nilikuwa na rafiki. Anafanya biashara kule Murongo, na ng'ambo Uganda anakujua kama jikoni kwake. Huyo tulitafuna naye kahawa. Vijana hamjui: wazee wetu walichukua tunda moja la kahawa lenye punje mbili, kila mmoja akala yake na damu ya mwenzake, wakawa ndugu. Sisi tulitafuna bila damu. Mchungaji, usinitazame hivyo, tulikuwa wadogo. Lakini undugu wenyewe niliuamini. Mtu wa namna hiyo akikuletea kitu, hukikagui mbele yake wala nyuma yake. Kukagua ni kumwita mwizi.

Pesa ya msimu mzima wa kahawa nikampa yeye. Akaniletea betri kwenye maboksi ya chuma yaliyofungwa vizuri, zimeandikwa mpya. Nikapima nje kwenye vichwa vya nyaya, umeme umejaa. Nikamkumbatia. Mke wangu akasema, "Baba, si ufungue uone ndani?" Nikamkaripia.

Jamani, sisi ni watu wa kahawa! Gunia la baba yako mzazi likija kwako unalichoma bambo, kile chuma cha kuchotea punje, uone kilicho chini, kwa sababu tunajua mtu huweka kahawa safi juu na mbichi chini. Mimi nimechoma magunia maisha yangu yote. Maboksi yale sikuyagusa.

Siku ya kwanza gari liliondoka kimya, watoto wakalikimbilia wakipiga makofi. Nikapakia ndizi za harusi ya jirani. Tambarare lilienda vizuri. Kwenye mlima likaanza kulegea, likasimama, likarudi nyuma na mikungu ikamwagika barabarani. Watu walicheka! Wakaniita Bwana Umeme. Harusi ikakosa ndizi, ikala wali.

Nikarudi nyumbani kutafuta kosa. Nikifungua mota, nzima. Nikabadilisha nyaya, nikamrudishia fundi bamba lake nikimlaumu, maskini, naye hakuwa na kosa. Betri nikizipima zimetulia, zimejaa. Nikasema basi kosa ni mimi, mikono yangu haifai. Hata kazi za sola nikaanza kuzikataa, naogopa nitaunguza nyumba ya mtu.

Na yule rafiki wa kahawa alikuwa anakuja. Hapo ndipo panaponiuma, ndugu zangu, nawaambia. Alikaa mezani kwangu, akala matoke yangu, akanishika bega, akasema, "Kaka, kubali yaishe. Liuze chuma chakavu, nitakutafutia mnunuzi." Nami nikamshukuru. Nilimshukuru!

Mnunuzi alipokuja kulitazama gari, mke wangu alitoka ndani na spana mkononi. Akaenda moja kwa moja kwenye maboksi. Nikapiga kelele, "Mwanamke, unanivunjia undugu!" Akajibu bila kugeuka, "Wewe ndiye uliyetafuna kahawa naye. Mimi sikutafuna."

Akafungua. Safu ya juu, betri mpya. Chini yake zimevimba kama maandazi, kuukuu, zimebandikwa karatasi mpya. Zikipumzika zinaonyesha umeme, zikibebeshwa mzigo zinazimia. Nilikaa chini kwenye majani. Nililia, sioni aibu kusema.

Nilimfuata Murongo. Nilidhani atakana, aseme alitapeliwa huko ng'ambo, na ningemwamini. Hakukana. Aliangalia pembeni akasema, "Nilijua hutafungua."

Ndugu zangu, wizi wa betri ningeumeza. Neno hilo limenikaa kooni mpaka leo.

Tuliinuka polepole. Mimi na mke wangu tulipima betri moja moja, kila moja tukaiwashia taa kubwa ya gari, inayozimia tunaitupa pembeni. Mwenzangu mmoja wa kazi ya sola akatupatia nyingine zilizotolewa kwenye mitambo, tukazipima vilevile, naye hakununa. Sasa gari linapanda ule mlima likiwa na mzigo, haraka halina, lakini linafika. Namshukuru mke wangu. Nawashukuru shemeji, fundi wa bamba aliyenisamehe, na akina mama wa Kanoni mlionipa ndizi zenu wakati wengine wanacheka. Ninalowaachia ni hili: mpende ndugu yako, na mzigo wake ufungue. Akiwa ndugu kweli, atakushikia spana.

Mchungaji alitaka nimalizie kwa kusema nimesamehe. Juzi nilikuwa natoka Rugera, mvua inanyesha, nikamkuta yule bwana kando ya barabara, pikipiki imemharibikia. Hakunisikia nikija. Nikasimama, sijui kwa nini, akapanda. Injini ya zamani ingetufunika kwa kelele zake. Gari hili sasa halina sauti, kwa hiyo njia nzima nilimsikia akilia. Tulipofika akashuka, akashika mlango, akasema, "Kaka, nisamehe."

Nikaondoka, nikamwona kwenye kioo bado amesimama kwenye mvua.

Gari ni zima, ndugu zangu. Mwenye gari bado. Niombeeni.