Mkia wa Samaki Niliopewa Mezani Kwangu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mimi ni Mama Eliya, natokea Janga. Wengine mnanijua kwa kuimba, wengine kwa kuongea sana. Leo nitajitahidi kuwa mfupi.

Ndugu zangu, niliolewa na mwanaume aliyefiwa na mkewe. Nilikuja na mwanangu Eliya, nikamkuta Zawadi, binti yake. Mume wangu yuko kiwandani Zegereni, anatoka alfajiri na kurudi giza limeingia, kwa hiyo malezi ni mimi. Na mnayajua maneno ya watu kuhusu mama wa kambo. Hata mizigo sijafungua, majirani walishaanza kuchungulia sahani ya yule mtoto.

Basi nikajihami. Kipande kinono, Zawadi. Nguo ya sikukuu, Zawadi kwanza. Eliya alisugua masufuria, Zawadi hakugusa hata kijiko. Wakigombana, namgombeza Eliya bila kuuliza. Nikajiona nimeokoka kwelikweli.

Lakini nyumba ilipoa. Eliya akawa hamsemeshi dada yake. Zawadi aliniita "anti" kwa adabu zote, akala nyama yake, akainuka. Nilifunga, nikaomba, nikakemea roho ya chuki mpaka sauti ikakauka. Hali ileile. Mwishowe Zawadi akampigia simu bibi yake, mama wa marehemu, kule Mzenga, Kisarawe, aje amchukue akakae kwake moja kwa moja. Niliumia, ndugu zangu. Nilikuwa nampenda yule mtoto, na sikujua nimemkosea wapi.

Bibi akaja. Ni Mwislamu, swala tano hazimpiti, na Mungu alimtumia yeye huyohuyo. Hakunisema. Alikaa akatutazama tunavyokula, kisha akanifuata jikoni.

"Mwanangu, huyu mtoto umemfanya mgeni. Mgeni anapewa kinono, haoshi chombo, hakosolewi. Na mgeni huwa anaondoka."

"Sasa nifanyeje, mama?"

"Mpe kisu agawe mboga. Kwetu watoto wanagawa kwa zamu, na kipande kibaya kinazunguka, hakuna wa kukikwepa. Shule zikifungwa nitarudi. Akitaka bado, nitaondoka naye."

Nikatii. Siku ya kwanza kulikuwa na vurugu, acheni tu. Zawadi alimpa Eliya mkia wa samaki, kesho yake Eliya akaurudisha kwake huku anacheka. Zawadi akanuna, lakini akaula. Masufuria nayo wakaosha kwa zamu. Wakikosana nikawa nawasikiliza wote wawili, na aliyekosa anaomba radhi, awe yeyote. Taratibu nikaanza kusikia wanabishana kama watoto wa tumbo moja, na baada ya kubishana wanacheka. Ila mimi Zawadi aliendelea kuniwekea kipande kizuri, kwa mikono miwili, "karibu anti." Nikajua kwake mimi bado ni mgeni.

Shule zikafungwa, Bibi akarudi na kiroba cha mihogo. Moyo wangu ulikuwa juu juu. Jioni hiyo zamu ya kugawa ilikuwa ya Zawadi. Kinono akampa Bibi. Eliya akapata pande lake. Halafu akanisogezea mimi mkia, miiba mitupu.

"Mama, leo mkia ni wako," akasema. "Mimi niliula jana."

Ndugu zangu, niliupokea ule mkia. Machozi yalitiririka mbele ya watoto. Zawadi akashtuka, akataka kunibadilishia. Bibi akamzuia mkono.

"Mwache ale," akasema. "Mimi kesho naondoka peke yangu, na kiroba changu kitupu."

Ninamshukuru Mungu aliyenifundisha kulea. Nilidhani upendo ni kumpa mtoto kilicho bora, kumbe alihitaji kufundishwa kugawa, kungoja zamu, kuomba radhi, na kuhesabiwa kuwa wa humu ndani. Wewe uliyeketi hapo na nyumba yako imepoa, usichoke kuomba. Ila ukishaomba, sikiliza, hata jibu likija na mtu ambaye hukumtegemea. Mungu huyo ninayemwamini mimi habagui nyumba.

Na kama mtapita Janga, karibuni chakula. Mtapewa kinono. Mkia tunao wenyewe.