Mzee Halfani Auacha Mtaro wa Ghala

Mzee Halfani wa Kondoa ametumikia ghala letu la mbegu hapa Mpwapwa miaka kumi na sita, tangu 1898, na leo, tarehe 31 Machi 1914, anaukabidhi ufagio. Kazi yake ilikuwa ua wa mawe ulio mbele ya ghala, pamoja na mtaro unaopita chini ya ukuta na kumwaga maji bondeni. Ukiiona ni kazi ndogo, basi hujawahi kukaa na Mzee Halfani mvua ikinyesha.

Huyu mtu ana maneno! Wapagazi waliotua mizigo uani waliujua mdomo wake kabla ya kulijua jina lake. Aliyemwaga majivu ya jikoni mtaroni alisemwa mpaka akayazoa kwa mikono yake mwenyewe. Majivu yakikutana na mafuta ya sufuria, alituambia, yanaganda kama udongo wa chungu. Tulinung'unika, lakini tulizoa.

Mwaka ule uliofuata njaa hatutausahau. Mtama wote wa mbegu wa vijiji vya jirani ulikuwa ghalani, na hapakuwa na mwingine. Ghala letu ni tembe, yaani lina paa bapa la udongo, na kwa desturi ya Ugogo tuliongeza udongo mpya juu ya paa kabla ya mvua. Kosa letu ni kwamba udongo uliobaki tuliuacha umerundikana uani. Mvua ya kwanza iliusomba wote mtaroni, maji yakajaa uani, yakafika kizingiti cha ghala. Mwenzetu Kefa akakimbilia mtaimbo, akashindilia tundu la mtaro chini ya ukuta kwa nguvu zake zote, na kila pigo lilizidi kulikaza tope. Loo, tuliogopa! Mbegu zikioza, watu wangepanda nini?

Mzee Halfani alimpokonya mtaimbo, akazunguka nje ya ukuta hadi mdomo wa chini wa mtaro. Akalala kifudifudi, akachokoa kwa mti mrefu, akalivuta tope kwake kidogo kidogo ili maji yenyewe yasukume kutoka juu. Mtaro ulipozibuka, maji yalimwogesha mwili mzima. Na ndani ya tope kilitoka nini? Ufagio wake mwenyewe, uliopotea tangu kiangazi, ambao alikuwa amemsingizia kila mmoja wetu kuuiba. Kinyozi hajinyoi! Tulicheka mpaka machozi, naye akacheka kutushinda. Mtama haukulowa hata punje.

Baada ya hapo alichimba shimo la kutuamisha tope mbele ya tundu, akasuka wavu wa fito wa kuzuia majani na makapi. Shimo huzolewa kabla mawingu hayajakusanyika, na udongo wa paa haulali tena uani.

Kefa ndiye anayempokea kazi. Juzi mvua iliponyesha tulimketisha Mzee barazani kwa nguvu, tukamkataza kuinuka. Kefa aliinua wavu, akazoa shimo kwa mikono, mtaimbo hakuugusa. Maji yakapita. Sote tukamgeukia Mzee, tukisubiri kusemwa. Alifuta macho kwa ncha ya kanzu, akaenda zake kufunga mizigo.

Mzee wetu, asante kwa kila punje na kwa kila karipio. Ua huu utakuwa kimya mno, nasi tutaona uchungu. Nenda salama Kondoa kwa wajukuu. Mungu akupe mvua za kutosha, na mtaro usiokuhusu.

Nikodemo, mpima nafaka