Mpiga Chapa na Bahasha Kumi na Mbili

Kuna jambo ambalo hadi Jumanne ya wiki hii sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata dada yangu ninayelala naye chumba kimoja. Sura ya mwisho ya hadithi ya tisa ya mpiga chapa wetu si yake. Niliiandika mimi, nikaitia kwenye bahasha yake, nikanyamaza miaka miwili.

Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa kuwa mimi ni katibu wa klabu ya maktaba, na sikuona namna ya kuanza na mengine nikaliruka hilo. Sasa miaka na tarehe. Ijumaa hii, tarehe 29 Novemba, mpiga chapa wa ofisi ya shule yetu, ambaye wanafunzi wote humwita Mama Bahasha, anastaafu baada ya kufanya kazi hapa miaka thelathini na minne.

Siku ya kwanza alikabidhiwa taipureta, ufunguo wa kabati la mitihani na meza yenye mguu mmoja mfupi. Taipureta imebadilishwa mara tatu. Mguu bado ni mfupi. Katika miaka yote hiyo hakuna swali hata moja la mtihani lililovuja kutoka ofisini kwake. Binti yake mwenyewe alisoma hapa, akafeli fizikia mara mbili, na mitihani yote miwili ilipigwa chapa na mama yake.

Mwaka ambao kiwanda cha nguo kilifungwa, ndipo alipoanza kuandika. Watu walikuwa wanahama, sinema imegeuzwa ghala, taa za barabara kuu zimezimika moja baada ya nyingine. Yeye, saa ya chakula cha mchana, alifunga mlango akaanza hadithi za upelelezi za mji huu huu wetu. Mpelelezi wake si polisi. Ni fundi viatu aitwaye Fundi Soli, mwenye kibanda mkabala na stesheni, anayemjua mtu kwa namna kisigino chake kinavyolika. Dada wa Mama Bahasha alimshauri ahamishie visa vyake jiji kubwa, kwenye magorofa na matajiri. Alimjibu jibu ambalo wazee wa ofisi bado wanalirudia: "Mji uliokufa hauna cha kuibiwa. Wetu bado unaibiwa."

Kila hadithi ina nakala moja tu, iliyofungwa kwa uzi. Sura ya mwisho haimo. Imo kwenye bahasha ya kaki ndani ya droo yake. Anayeitaka huandika kikaratasi: mwizi ni nani, na umejuaje. Mama Bahasha hukisoma bila kubadilika uso, hukigonga muhuri wa IMEPOKELEWA, ndipo anakupa bahasha uisome pale pale kwenye benchi. Vikaratasi vyote hubanwa nyuma ya hadithi yake. Mkuu wa shule mmoja wa zamani alituma tarishi aletewe bahasha kwa amri ya ofisi. Tarishi alirudi na kikaratasi kitupu cha kujaza.

Kuna darasa lililoamini kwamba hadithi zake zina vidokezo vya mitihani. Hadithi ya sita ilipotaja gundi mara nyingi, walisoma habari za gundi wiki nzima. Mtihani wa kemia haukuuliza gundi. Wanasema alipowaona wakitoka wamenuna, aliuliza kama kuna mtu kafiwa.

Msomaji wake mkubwa alikuwa mwalimu wa hesabu. Alijaza vikaratasi vya hadithi nane za kwanza, kwa mwandiko ulionyooka kama umepigwa rula, akakosa vyote vinane. Akajaza cha tisa. Baada ya hapo hakujaza tena, na darasani alianza kutuambia kwamba kukisia ni kazi ya mtu asiyeweza kuthibitisha.

Hapo ndipo ninapoingia mimi. Hadithi ya tisa inahusu kengele ya kiwanda iliyotoweka usiku mmoja kutoka juu ya mnara. Nilikuwa nimeisoma mara tatu na kikaratasi changu kilikuwa tayari mfukoni, lakini nilishindwa kumpa. Niliona aibu kukosea mbele yake. Ofisi ilipopakwa rangi, klabu yetu ilihamishia maboksi maktaba, na boksi la bahasha likaniangukia mimi. Nikasimama kwenye sinki la uani, nikafungua bahasha ya tisa, nikapanga kurasa ndani ya sinki kavu. Maji yalikuwa yamekatika tangu jana yake na mtu alikuwa ameacha bomba wazi. Nilimaliza ukurasa wa kwanza tu, Fundi Soli anawaambia washukiwa wote wavue viatu, maji yakarudi. Kurasa zikawa uji.

Kwa taipureta ya maktaba, jioni mbili, niliandika mwisho wangu: mwizi ni mlinzi wa kiwanda, kaiuza kengele kama chuma chakavu. Wasomaji kumi na wanane wameusoma wakidhani ni wake.

Wiki hii alisema hadithi zote kumi na mbili, pamoja na sura zake za mwisho, zitashonwa Alhamisi na kutiwa jalada gumu, ziachwe maktaba. Mwisho wangu ungekaa humo milele chini ya jina lake. Nilipokuwa nahesabu vikaratasi kwa ajili ya wasifu huu, nikakutana na cha mwalimu wa hesabu: "Ni mpishi wa kantini. Soli zake zimevimba kwa mafuta ya jikoni. Hakuiba. Ameificha isiyeyushwe." Alikuwa amesoma mwisho wangu akaamini amekosa; mimi sikujua kama kweli alipata au alikosa. Aliyejua ni mtu mmoja tu.

Jumanne nikaenda. Nilimweleza nikiwa nimeshika kitasa cha mlango. Aliendelea kutoboa karatasi mpaka akamaliza fungu, kisha akaniuliza nilimtia nani hatiani.

"Mlinzi," nikasema.

"Mlinzi mwenye buti za mpira tangu sura ya tatu? Fundi angemjuaje, mwanangu? Buti za mpira hazishonwi."

Hilo, nadhani, lilimuudhi kuliko maji. Nikampa kikaratasi cha mwalimu. Alikisoma mara mbili. Kwa mara ya kwanza nikauona uso wake ukibadilika.

"Amepata," akasema. "Nilikuwa likizo wiki ile, bahasha alipewa na mwingine, kikaratasi sikukiona. Niliporudi nikaambiwa amekosa tena, nikajilaumu nimeandika vibaya." Akachomeka karatasi mpya kwenye mashine. "Sura nitaiandika upya kesho. Kwa mwalimu utakwenda wewe."

Kwa niaba ya walimu, wafanyakazi na wanafunzi, tunamshukuru kwa kutunza siri zetu na kwa kukataa kuuandika mji wetu kama marehemu. Ya kumi na tatu ameshaianza nyumbani, ambako mume wake amemwachia meza yenye miguu minne sawa. Mama, tunakuombea afya, utulivu na utepe wa wino usiokatika. Nenda salama.

Wasifu huu nimeupiga chapa mwenyewe, kwa vidole viwili, usipite mezani kwake. Kabla ya kuumaliza, leo Jumatano wakati wa mapumziko, nilikwenda chumba cha walimu. Nilisimama kando ya meza ya mwalimu wa hesabu, nikasema yote kwa sauti ndogo. Akaniambia nirudie. Nikarudia kwa nguvu, walimu wengine wakasikia. Alichukua kikaratasi chake, akakikunja mara mbili, akakitia mfuko wa shati, na nilipomwambia kinahitajika kwa ajili ya kushonwa akasema hakirudi. Akaniuliza kama bahasha ya kumi ingali droo ile ile. Nikasema ndiyo. Nikamletea hadithi ya kumi na kikaratasi kitupu, nikarudi darasani.