Apolinari Masele, Aliyewafungulia Watu Intaneti Kagongwa (1956–2025)

Ndugu yetu Apolinari Masele alizaliwa tarehe 9 Machi 1956 huko Ulowa, Ushetu, mtoto wa pili wa Mzee Masele na Mama Klara. Alimaliza darasa la saba mwaka 1971. Masomo yaliishia hapo, kwa kuwa ng'ombe walihitaji mchungaji.

Mwaka 1978 aliajiriwa kuwa karani wa chama cha wakulima wa tumbaku, akastaafu mwaka 2011 na kuhamia hapa Kagongwa. Alifunga ndoa na Salvina mwaka 1984, wakajaliwa watoto watatu. Salvina alitangulia mwaka 2019.

Mwaka 2014 mtoto wao Boaz alichaguliwa kwenda chuo cha ualimu. Majina yalitoka mtandaoni, na nyumbani hapakuwa na simu ya intaneti. Habari ilipofika, nafasi ilikuwa imepita. Boaz akaenda kuchimba dhahabu Geita, na mwaka 2016 kifusi kikamfukia duarani, ndani ya shimo la machimbo, akafa. Kaka yangu Apolinari hakupenda kulizungumzia jambo hilo.

Mwaka 2020 alivuta intaneti nyumbani, akaweka benchi nje ukutani, kila mtu atumie bure. Wiki ya kwanza alikifungia kifaa cha kurusha intaneti kabatini na kukifunika kitambaa cha kufuma kisishike vumbi, kisha akashangaa watu wanalalamikia nini. Sharti lake lilikuwa moja: uingie kwanza umwamkie. "Wewe wa kwa nani?" Ukishajibu, ndipo anakupa namba ya siri.

Juni mwaka huu aligundulika ana saratani ya ini, akalazwa Mwanza. Mimi mdogo wake, Paskalina, ninayesoma haya, nilibaki na nyumba. Niliposikia vijana wakicheka ukutani wakati ndugu yangu anatapika damu, hasira zilinipanda, nikachomoa waya. Kila jioni alinipigia simu.

"Wapo?"

"Wapo, kaka."

Hawakuwapo.

Siku ya tisa alikuja Noela, binti wa jirani.

"Shikamoo mama. Naomba uwashe kidogo tu. Kuomba chuo mwisho ni leo."

Nilimjibu kwamba nyumba hii ina mgonjwa. Akapanda basi kwenda Kahama. Alipofika, mtandao ulikuwa umeelemewa, na dirisha la maombi likafungwa. Wanasema hasira hasara. Hasara yangu aliibeba mtoto wa mwenzangu.

Kaka alifariki tarehe 14 Agosti 2025, saa nne asubuhi. Jioni iliyotangulia aliuliza swali lile lile, nami nikampa jibu lile lile.

Noela yupo hapa tangu jana, anasaidia kupika. Nilimwomba radhi. Aliendelea kuchambua mchele, na simlaumu.

Marehemu ameacha watoto wawili, Hosiana na Samwel, wajukuu watano, na mimi dada yake. Mungu ampe pumziko la amani. Mimi nitaishi nikijua kwamba alikufa akiniamini.