Bi Tomie Hupona Mgeni Akija

Benchi letu liko mbele ya duka la mikeka lililofungwa, ubavuni mwa mashine inayouza kahawa ya moto ya makopo. Tunaokaa hapo ni watu watatu wenye majibu ya kila kitu. Mwenye duka ni Mkeka, fundi mstaafu wa miaka sabini na miwili. Wa pili ni Stesheni, aliyesimamia kituo cha treni mpaka treni yenyewe ikastaafu. Wa tatu ni mimi. Wananiita Balozi, kwa kuwa nimepotea katika bandari za nchi saba. Leo saa nane mchana mtu wa halmashauri anakuja kumpima Bi Tomie, mama yake Mkeka, mwenye miaka tisini na sita, aone anastahili daraja gani la kuhudumiwa nyumbani. Si hisani hiyo: sote tunakatwa bima yake tangu tulipofika miaka arobaini.

— Safari hii natoka na daraja la tatu, Mkeka akasema, akifungua kopo. Waje wamwogeshe mara tatu kwa wiki.

— Kama mwaka jana? Stesheni akamchokoza.

— Usinikumbushe! Mama hafiki chooni bila mimi. Kusikia hodi tu, akapaka rangi ya midomo. Akaulizwa, bibi, unaweza kusimama? Akasimama kwa mguu mmoja, jamani! Kisha akammenyea mgeni pea.

— Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone, nikachangia.

— Alipona nusu saa. Mgeni kukata kona, mama chini. Barua ikaja: daraja la chini kabisa. Mtu wa kufagia, siku moja kwa wiki.

— Na siku ya mfagiaji, Stesheni akanigeukia, huyu anaamka alfajiri anafagia kwanza!

— Sasa nimpokee mgeni kwenye vumbi?

— Basi ficha rangi ya midomo, nikamshauri.

— Nilificha. Kaiona.

— Ni njama! Stesheni akapiga goti lake. Wanatuma vijana watanashati makusudi. Bibi akiona kijana, magoti yanarudi. Wangetuma sura kama ya Balozi, mji mzima ungepata daraja la tano, la juu kabisa.

— Sura hii imevuka mipaka saba.

— Mingapi kwa kufukuzwa?

— Miwili tu. Sikilizeni: tumlaze Stesheni kitandani, ajifunike mpaka puani, aitwe Bi Tomie. Penye nia pana njia.

— Na masharubu?

— Tutasema ni uzee.

Mama mmoja wa makamo alikuwa ameegesha baiskeli, akanunua kahawa, akaketi mwisho wa benchi. Alicheka nasi mpaka machozi. Kisha akatoa kalamu.

— Samahani, wa saa nane ni mimi. Nimewahi kidogo.

Stesheni nusura ameze kopo.

— Kaka, mama yule akamwambia Mkeka, mwaka jana mbona hukusema ukweli?

— Mbele yake? Nimvue nguo kwa maneno, na masikio anayo?

— Najua. Ndiyo maana nimeanzia hapa. Wewe mwenyewe je, hujambo?

— Mimi? Chuma! Mkeka akatuna kifua, akatabasamu. Angekuwa na rangi ya midomo angepaka.

— Mara ya mwisho ulilala usiku mzima lini?

Mkeka akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha. Akamtazama Stesheni, ambaye anakumbuka dakika ya kila treni iliyowahi kuchelewa. Stesheni akatazama viatu vyake. Mimi nikatafuta methali, sikuipata.

— Sijui, dada, Mkeka akasema.

— Niandike hivyo?

— Andika hivyo hivyo. Sijui.

Akaweka kopo chini, akashika ukingo wa benchi, akajaribu kusimama, akarudi kukaa.

— Na hili pia andika, akasema. Balozi, hebu niinue.