Kola ya Ukurasa wa Mwisho

Mvua ya Tukuyu hainyeshi, inahamia. Hiyo ilihamia Jumatatu, na mpaka Alhamisi alasiri ilikuwa bado haijafunga virago. Barazani kwa Fundi Rajabu, benchi la wateja halikuwa na mteja hata wa dawa. Lilikuwa na wenyewe. Alikuwepo Ezron, ambaye alipigana vita vya Kagera na tangu arudi watu wanamwita Kamanda, cheo ambacho jeshini hakukisogelea. Alikuwepo Godwin, muuza mitumba, ambaye tangu serikali iruhusu kila mtu auze atakacho kwa bei aitakayo, mji mzima unamwita Bei Huria. Mudathiri alikuwa amechuchumaa na birika lake la kahawa, akilinda mkaa usilowe. Na nyuma ya cherehani alikaa Rajabu mwenyewe, kimya kupita kawaida yake, maana siku hiyo alikuwa na woga wa mtoto aliyevunja chungu.

Kisa chenyewe ni hiki. Kabla ya Krismasi, Mwalimu Jotham wa Kyimo alimletea vitabu viwili vya hadithi, migongo imeachia na orodha ya yaliyomo imeshang'oka, amshonee na kuvipa jalada la kaki. Kimoja kilikuwa kumbukumbu za askari, kila mmoja na yake. Cha pili kilikuwa hadithi za siku zijazo, watu wanalima mwezini na mashine zinaomba likizo. Wiki haikuisha, Mwalimu akafariki. Vitabu vikabaki kwa fundi, na Kamanda na Bei Huria wakaanza kuvigombea hapohapo benchini. Rajabu, kwa kupenda amani, akachukua wembe. Akaitenga kila hadithi, akaishona pembeni kwa uzi, ili mtu aazime moja moja. Kingo hazikulingana, akazipunguza kwa mkasi, na namba za kurasa zikaenda na vipande. Fundi na kulinganisha kingo, utamwambia nini?

Sasa Mama Tulia, mjane wa Mwalimu, alikuwa ametuma salamu kwamba anakuja leo kuvichukua. Rajabu alikuwa ameshona siku tatu, na kila hadithi ilikuwa imerudi kwao isipokuwa moja. Ilikuwa ya kijana anayeishi na watu chini ya ardhi, amesimama kwenye foleni na kopo la mama yake, akisubiri kugawiwa hewa ya kuvuta. Haikujulikana ni ya kitabu kipi. Tena haikuwa na ukurasa wa mwisho, na benchi zima liliamini Bei Huria ndiye aliyeupoteza, kwa kuwa ndiye aliyeanza kuiazima.

Rajabu alijua ulipo. Ulikuwa ukutani, juu kidogo ya kichwa cha Bei Huria, kwenye msumari wa vielelezo, zile karatasi anazofuatisha anapokata nguo. Ulichomoka wakati wa kukata, na Januari, sare za shule zilipomzidi na karatasi zikamwishia, aliuokota bila hata kuusoma, akaukatia kielelezo cha kola. Maandishi yalikuwa yameelekea ukutani.

— Hii ni ya vita, — alisema Kamanda, akiigonga hadithi kwa kidole. — Watu wako chini ya ardhi. Hilo ni handaki.

— Vita gani watu wanagawiwa hewa kwa kopo? — Bei Huria alicheka. — Hiyo ni ya mbele huko, mwaka elfu mbili na mia tatu.

— Wewe hujakaa handakini watu kumi na wawili, mvua kama hii. Ungegawiwa hewa kwa kijiko ungeshukuru.

— Mimi naona mnasumbuka bure, — alisema Mudathiri. — Foleni, kopo, dirisha, na mwenye dirisha anasema njooni kesho. Huo si mwaka themanini na tatu? Mbona mimi nilisimama hivyohivyo, nikisubiri sabuni!

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Sasa hapo ndipo ujue! — Bei Huria alisimama kabisa. — Hawa wanaoandika ya mbele, mnadhani wanayatoa wapi? Wanachukua ya nyuma, wanayapiga pasi, wanatuuzia kama mapya. Mitumba mitupu! Na mimi nawaambia, hakuna waandishi ishirini humo. Kuna mtu mmoja tu, kajifungia chumbani Dar, anabadilisha majina.

— Acha kamba, Bei Huria.

— Kamba? Umewahi kukutana hata na mmoja wao?

Hakuna aliyewahi. Rajabu alitazama barabarani. Gari la Kyimo lilikuwa halijatokea. Ili moyo utulie, akauliza swali alilokuwa nalo siku nyingi.

— Hebu niambieni. Kwa nini mtu ahangaike kuwakusanya askari wote hao kwenye kitabu kimoja? Si mmoja anatosha?

— Robota la mitumba, fundi! — Bei Huria hakufikiri hata kidogo. — Robota limeandikwa mashati. Kwa hiyo unajua ni mashati, ila hujui yapi. Ukikata ile kamba, moyo unakwenda mbio. Kama ungeyajua yote, usingefungua. Kama usingejua lolote, usingenunua. Utamu uko hapo katikati.

— Mimi naona ni woga, — alisema Mudathiri. — Mmoja akidanganya, atakamatwa. Wengi wakidanganya kwa pamoja, watoto wanafundishwa shuleni.

Walimgeukia Kamanda, kwa kuwa kwenye mambo ya vita neno la mwisho lilikuwa lake. Alikuwa akizungusha kikombe kitupu kiganjani.

— Zile za askari nimesoma zote kumi na nne, — alisema. — Wa kwanza anajisifu. Wa pili anajisifu. Wa tatu huyo ndiyo usiseme, karibu ashinde vita peke yake. Nikataka kumrudishia fundi. Wa tano akaandika habari za soksi.

— Soksi?

— Soksi tu. Mwenzake amekufa, na zake yeye zimelowa siku nne. Akamvua mwenzake, akavaa. Anasema zilikuwa bado na joto. — Akakitua kikombe. — Miaka kumi na tano, bwana, nilidhani hapa duniani aliyefanya hivyo ni mimi peke yangu.

Mudathiri akamjazia Kamanda kikombe bila kuombwa.

— Kwa hiyo kile kitabu kwangu ni kama msiba, — Kamanda aliendelea. — Mkikaa matangani, hakuna anayekusimulia msiba wote. Huyu anakumbuka sauti, yule anakumbuka viatu. Unasubiri mpaka atokee mmoja aseme lile lako. Sasa kwenye hii ya kopo huenda kuna mtu anasubiri lake, na mshikaji wetu hapa kapoteza mwisho.

— Sikupoteza! Nilirudisha kama nilivyopewa!

— Kila siku wimbo huohuo.

Rajabu aliinamia kitambaa. Aliona haya, haya ya kweli. Yeye ni mtu wa sala tano, na miezi mitatu alikuwa amemwacha mwenzake abebeshwe kosa lisilo lake, kwa sababu tu benchi lilishazoea kumcheka Bei Huria na halikuzoea kumcheka fundi.

Gari la Kyimo likasimama. Mama Tulia akashuka na mwavuli uliovunjika ubavu mmoja, akavuka tope taratibu.

— Mugonile, — alisalimia kwa Kinyakyusa.

— Ndaga, mama, — waliitikia. — Pole na mvua.

Wakampisha benchini. Rajabu akampa vitabu kwa mikono miwili. Alivipapasa yale majalada ya kaki, akavifungua, akaona uzi kila mahali. Kisha macho yakaangukia ile hadithi iliyobaki mezani.

— Na hiyo?

— Hiyo ni ya kijana mwenye kopo, mama. Tunabishana ni ya kitabu kipi.

— Ya kopo! — Uso wote ukafunguka. — Hiyo ndiyo iliyonitoa nyumbani. Macho yangu hayaoni maandishi, kwa hiyo Mwalimu alikuwa akinisomea nikimenya maharage, popote kitabu kinapofunguka. Hiyo tulifika kijana amekaribia dirishani, ukurasa ukataka kuanguka. Akasema, ngoja kwanza nikipeleke kwa fundi kishonwe, tutamalizia. — Akawatazama mmoja mmoja. — Ninyi mmesoma. Yule kijana, alipata?

Benchi zima likamtazama Bei Huria. Naye akavua kofia.

— Mama, ukurasa huo haupo. Mimi nakataa kila siku, lakini nyumbani kwangu kuna watoto, kuna mbuzi… Labda kweli ulidondokea kwangu. Unisamehe.

Hapo Rajabu akashindwa.

— Hajaupoteza yeye, — alisema, na sauti ilimtoka nyembamba. — Ni mimi. Vitabu nilivikata mimi, na ukurasa huo niliukatia kola. Uko hapo ukutani tangu Januari. Mama Tulia, nimekukosea. Godwin, nimekukosea wewe zaidi, maana nilikaa nakusikiliza ukisemwa.

Akausogelea msumari, akachomoa kile kipande, akakipangusa vumbi la chaki. Kilikuwa kimepinda kama ukucha, chembamba huku na huku. Hakuna aliyemtukana, na hilo lilimuumiza zaidi. Bei Huria alikuwa amesimama na kofia yake mkononi.

— Soma kilichobaki, — alisema Mama Tulia.

Rajabu akasoma, akiruka pale mkasi ulipopita:

— "…dirisha likafunguka. Mwenye dirisha hakumtazama usoni. Akauliza, mko wangapi nyumbani? Kijana akalishika kopo la mama kwa mikono miwili. Wawili, akasema, ingawa…"

Akageuza upande wa pili. Ulikuwa mweupe.

— Ingawa nini? — aliuliza Mama Tulia.

Mudathiri alimtazama Kamanda. Kamanda alimtazama Rajabu.

Aliyefungua mdomo ni Bei Huria, na kwa mara ya kwanza alisema polepole.

— Ule mwaka wa sukari ya kugawiwa, walituuliza mko wangapi. Baba akasema saba. Bibi tulikuwa tumemzika mwezi wa tatu. — Akatabasamu kidogo. — Sukari yake tulikunywa, lakini hakuna aliyecheka.

— Sisi tuliulizwa asubuhi, — alisema Kamanda. — Afisa alipita akauliza mko wangapi. Nikajibu tisa. Tulikuwa wanane. Na sikutaka sukari, sikutaka kitu. Neno nane lilikataa kutoka.

Mvua ilipiga bati. Mama Tulia alikuwa ameshika ile kola kwa ncha za vidole.

— Mwezi uliopita walikuja nyumbani watu wa kuandika kaya, — alisema. — Tulia anafanya kazi Mbeya, ana kwake. Wakaniuliza, mama, humu mko wangapi? Nikasema wawili. Wakaandika, wakaenda zao.

Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Rajabu alitaka kumwambia pole, akaona neno lenyewe dogo. Akachukua sindano.

— Niishone wapi, mama? Kwenye vita au kwenye mambo yajayo?

— Huko kote si kwao, — alijibu. — Ishone peke yake, na hiyo kola iwe mwisho, hivyohivyo ilivyo. Halafu nyuma yake uniwekee karatasi nyeupe, tena nyingi. Huyu ataandika ya wale tisa. Huyu ya bibi yake. Yangu nitamwambia Tulia aandike.

— Na mimi? — aliuliza Rajabu.

Mama Tulia alimtazama kwa jicho la mwanamke aliyekatiwa kitabu cha marehemu mume wake vipande vipande kwa wembe.

— Wewe utaandika ya kola, — alisema. — Tena utaanza wewe.

Bei Huria akavaa kofia yake na kusogea, akampisha fundi nafasi kwenye benchi lake mwenyewe. Mudathiri aliinamisha birika ammiminie, likatoa matone mawili ya masimbi ya kahawa, lakini hakuna aliyenyanyuka.