Kavu Nane kwa Kumi

Benchi la Shantilal si la Shantilal. Liko tu mbele ya ghala lake la nafaka, nyuma ya soko la Nakuru, na limepigiliwa misumari mara nyingi hata mgeni akikaa ovyo huondoka na suruali yenye dirisha. Wenye benchi ni wazee watatu. Masinde, aliyefanya kazi ya ukarani mahakamani mpaka akastaafu, huitwa Jaji. Hiram, fundi wa redio, huitwa Antena kwa sababu habari humfikia kabla hazijatokea. Kemboi aliendesha trekta miaka thelathini, naye ni Gia. Kuanzia Januari ya mwaka huu wa 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, benchi lilikaa tupu wiki sita, na waliporudi, mmoja leo, mwingine kesho, hakuna aliyemuuliza mwenzake alikuwa wapi. Waliomba kahawa tu. Aliyewamiminia ni Safiyo, binti wa Ishak muuza kahawa, na ndiye anayewamiminia hadi leo.

Safiyo ana miaka kumi na saba. Shule zilipofunguliwa tena, baba yake alikuwa ameumia mgongo, hawezi kuinama kwenye jiko, kwa hiyo kidato cha pili kikamkatikia mwanzoni tu kama uzi. Jumamosi hiyo ya Novemba alikuwa na karatasi iliyokunjwa chini ya sahani ya mandazi. Shantilal alikuwa anatafuta mtu wa kusimamia mashine mpya ya kukausha mahindi, na karatasi ilitakiwa kurudi kabla ya ghala kufungwa saa kumi. Safiyo alikuwa amejaza jina, umri na mtaa. Lilibaki swali moja. Umemaliza kidato cha nne? Mbele yake kulikuwa na visanduku viwili, Ndiyo na La, na tangu asubuhi kalamu yake ilikuwa inavizunguka bila kutua.

Saa nane na nusu Dhruv, kijana wa Shantilal, alitoka ghalani akiwa amekumbatia kiboksi cha bati. Anasoma mambo ya kompyuta chuoni na yuko nyumbani kwa likizo. Kiboksi kilikuwa na waya mbili zenye misumari mirefu, na kioo kidogo kinachowaka namba.

— Wazee, niaje. Imekubali!

— Nini imekubali? akauliza Gia. — Hiyo jiko?

— Si jiko, mzee. Ni akili ya ile mashine. Unachomeka misumari kwa mahindi, inasema yamekauka kiasi gani.

— Si hata ile mashine ya getini kwa ghala la serikali inasema?

— Ya getini inajua mambo mawili tu. Unyevu kumi na tatu na nusu kwa mia, ingia. Ikizidi hapo nukta moja, rudi nyumbani. Lakini wewe mzee, ukishika mahindi, huwa unasema hivyo?

Gia akafikiri, kikombe kikiwa hewani.

— Mimi husema yamekauka. Ama yamekauka-kauka. Ama bado bado.

— Hiyo sasa! Kompyuta ya kawaida haijui bado bado. Kwake kitu ni moja ama sifuri. Hii nimeifunza katikati. Wazungu wanaiita fuzzy logic. Kitu kinaweza kuwa kavu tatu kwa kumi, saba kwa kumi. Halafu naipa sheria, vile nyinyi mnaongea. Mahindi yakiwa bado bado, na hewa iwe na unyevu kiasi, feni ikimbie sana. Yakiwa yamekauka-kauka, feni ipunguze.

— Kwa hivyo umechukua mashine ukaifunza kusema labda, akasema Jaji taratibu.

— Unaweza kusema hivyo.

— Kijana, hiyo ni hatari. Mimi nimekaa kortini miaka ishirini na sita. Siku hiyo kitu itaitwa kama shahidi, hakimu aulize, uliona mshtakiwa akiiba ng'ombe? Iseme, niliona sita kwa kumi. Sasa huyo mtu afungwe mpaka wapi? Mpaka kiunoni?

Benchi likatikisika kwa kicheko. Safiyo akacheka pia, lakini sikio lake lilibaki kwa Dhruv. Sita kwa kumi. Akaangalia sahani ya mandazi. Shule yake mwenyewe ingekuwa ngapi kwa kumi?

— Afadhali korti, akasema Antena. — Nimesikia kuna nchi hizi kiboksi zinaendesha treni. Treni haisimami, inasimama-simama. Abiria hashuki, anashuka-shuka.

— Wewe umesikia wapi?

— Kwa redio.

— Redio gani, na zote hapo kwako zimekufa?

— Hazijakufa, Gia. Zimekufa tano kwa kumi.

Gia akampigia makofi. Kisha akashusha sauti, kama mtu anayefunga geti.

— Mimi nilikuwa nataka hii kitu Januari. Mtu akikuja kwa mlango aniulize, wewe ni wa hapa ama si wa hapa, ningempatia aichomeke kwangu. Mama yangu ni wa huku, baba ni wa kule, bibi ni wa upande ule mwingine, na shamba nililima la kila mtu. Ningetoka ngapi?

Antena alikuwa anaangalia viatu vyake. Jaji akasogeza mandazi mpaka mbele ya Gia, akayaacha hapo.

— Ungetoka mtu wa kuongea sana, kumi kwa kumi, akasema Jaji, na watu wakapumua.

Safiyo akamwongezea Gia kahawa bila kuulizwa. Dhruv akaona hiyo.

— Safiyo, hii kahawa unaweka tangawizi ngapi?

— Kiasi.

— Kiasi ni ngapi?

— Inategemea. Tangawizi ikiwa changa naongeza. Kukiwa na baridi naongeza tena kidogo. Mzee Jaji akiwa anakohoa, namtolea yake kando.

— Wazee, mmesikia? Hizo ni sheria tatu, na hajasoma kompyuta hata siku moja.

Safiyo akainama, akapuliza jiko ambalo halikuhitaji kupulizwa.

Hapo ndipo Rahab alipofika. Hakuna mtu wa benchi aliyekuwa anamjua. Alikuwa mama wa makamo mwenye kitambaa cha kijani kichwani, viatu vimejaa vumbi la Olenguruone, na ameshika debe lenye mahindi kidogo.

— Hamjambo wazee. Nimeambiwa hapa kuna watu wanajua mahindi.

— Umefika, mathe, akasema Gia. — Keti.

— Siwezi kuketi. Yangu yameanikwa pale uwanjani, gunia kumi na moja. Asubuhi yamerudishwa getini, na geti halifunguliwi tena mpaka Jumatatu. Sasa angalieni Menengai.

Wakaangalia. Juu ya mlima wingu lilikuwa limekaa kama tembo aliyechoka, na tumbo lake lilikuwa jeusi.

— Nataka kujua kitu kimoja tu. Nifunge magunia sasa, ama niyaache nje yaendelee kukauka? Nikifunga yakiwa mabichi, Jumatatu nafungua uvundo. Nikiyaacha, mvua inayachukua.

— Hiyo ni swali ya kisayansi, akasema Antena.

— Inategemea, akasema Gia.

— Kuna hoja pande zote mbili, akasema Jaji.

— Wazee, mvua haingoji hoja. Nifunge ama nisifunge?

Dhruv alikuwa ameshasimama. Akachukua debe la mahindi ya Rahab, akachomeka misumari yake miwili. Namba zikapanda, zikashuka, zikatulia.

— Nane! Kavu nane kwa kumi. Mathe, funga.

— Nane ni kavu?

— Ni kavu sana. Unaweza kufunga.

Rahab akashukuru, akageuka aende. Safiyo alikuwa ameokota punje chache zilizoanguka kutoka kwenye debe. Akaitia moja kinywani, akaing'ata kwa gego. Punje haikulia kama iliyokauka. Iliminyika kwanza, ndipo ikapasuka. Akang'ata nyingine. Ni ile ile.

— Mama, ngoja, akasema, na akashangaa sauti yake ilivyotoka kubwa. — Usifunge bado.

Wote wakamgeukia.

— Kiboksi kimesema nane, Safiyo, akasema Dhruv.

— Nimesikia. Ulikifunza na nini?

— Na wazee. Wiki iliyopita nilileta sampuli arobaini. Wanang'ata, wananiambia ngapi kwa kumi, naandika.

— Wote waling'ata zote?

— Hapana, akajibu Antena. — Mimi na Gia tulichoka kwa ya tano. Tukamwachia mkubwa. Heshima ni heshima.

— Zilizobaki zote ni kazi yangu, akasema Jaji, na akajinyoosha mgongo. — Zilikuwa ngumu sana, hizo mahindi.

Kwa karibu mwaka mzima Safiyo amemhudumia mzee huyu. Anajua kwamba huchovya andazi mpaka linalainika, kwamba yai la kuchemsha hulikata vipande vidogo, na kwamba anapocheka hufunika mdomo kwa kiganja. Msichana hasimami mbele ya watu akamhesabia mzee meno. Lakini Rahab alikuwa amesimama na wingu mgongoni, na magunia kumi na moja yalikuwa jasho la mwaka mzima.

Akachukua andazi moja, la asubuhi, lililokauka kidogo ukingoni. Akaliweka kwenye sahani, akampelekea Jaji kwa mikono miwili na kuinama kando ya sikio lake.

— Mzee wangu, akasema kwa sauti ya chini, — hili ni gumu ngapi kwa kumi?

Jaji akalishika. Akalibana kwa ufizi, akalitoa. Akamtazama Safiyo. Kisha akageukia benchi, na safari hii hakufunika mdomo.

— Nane, akasema. — Dhruv, mwanangu, futa kazi yangu yote. Mimi magego yalikwisha wakati nikiwa bado kortini. Kwangu hata ugali ni nane.

Gia alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Jaji mwenyewe akacheka, akiwa amefungua kinywa chote kama mtu aliyefungua dirisha. Dhruv tu ndiye hakucheka. Alikuwa anaangalia kiboksi chake.

— Sasa hata sijui inasema nini, akasema.

— Inasema mdomo wa Jaji, akasema Antena.

— Na mimi je? akauliza Rahab. — Mvua inakuja.

Safiyo alikuwa tayari ameweka kijiko cha chumvi, ile ya mayai, kwenye kifuniko cha sufuria juu ya jiko ili ikauke kabisa. Akafuta kichupa mpaka kikakauka, akatia mahindi, akatia chumvi, akafunga, akatikisa. Kisha akakiweka juu ya benchi.

— Tungoje kidogo. Chumvi ikishika kwa chupa, yana maji. Ikianguka yote chini, ni makavu.

— Hiyo umeitoa wapi? akauliza Dhruv.

— Kidato cha kwanza, somo la kilimo.

Wakangoja. Hata Shantilal, aliyesikia yote kutoka ghalani kabla ya kutoka kunywa kahawa yake ya saa tisa na nusu, alisimama mlangoni na funguo mkononi, akikitazama kichupa. Safiyo akainua kichupa kwenye mwanga. Chumvi nyingi ilikuwa imelala chini. Nyingine ilikuwa imeshika kioo, nyembamba kama ukungu.

— Ni makavu? akauliza Rahab.

— Bado bado, mama. Lakini si mabichi. Usifunge, na usiyaache nje. Yaanue sasa, uyatandaze mahali penye paa, kina cha kidole tu. Feni ikipita juu yake polepole mpaka kesho jioni, Jumatatu yatapita getini.

— Na paa nitaitoa wapi?

Safiyo akageukia mlango wa ghala. Akamtazama Shantilal. Wote wakamtazama Shantilal.

Shantilal akachukua kichupa, akakigeuza-geuza. Akang'ata punje moja. Yeye magego anayo.

— Baraza hii ni kubwa, akasema. — Dhruv, leta turubai. Washa feni, lakini kidogo.

— Kidogo ngapi, Baba?

— Kidogo! Hujui kidogo?

Wakabeba wote, hata Jaji alibeba debe. Matone ya kwanza yalipopiga bati, mahindi ya mwisho yalikuwa yanamwagwa barazani, na Rahab alikuwa amepiga magoti akiyasawazisha kwa viganja kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni.

Shantilal akatazama saa.

— Safiyo, ni saa kumi. Fomu yako?

Akaitoa chini ya sahani. Ilikuwa na duara la mafuta ya mandazi. Alifikiri juu ya sita kwa kumi, na shule yake ingetoka ngapi. Halafu akaona kwamba karatasi haikuuliza hivyo, na kwamba hakutaka kazi iliyoanza na uongo. Akatia alama kwenye La, moja, iliyonyooka. Chini yake akaandika: *Nilifika kidato cha pili. Najua kupima mahindi kwa chumvi.* Akampa kwa mikono miwili.

Shantilal akasoma. Akasoma tena.

— La, akasema.

— La, Bwana Shantilal.

— Kijana wangu amesoma miaka mitatu chuoni, karibu afunge gunia kumi na moja ya uvundo. Dhruv akainamisha kichwa. — Jumatatu saa mbili asubuhi. Utang'ata upya hizo sampuli arobaini, yeye aandike. Na ile chupa kuja nayo.

Safiyo akasema asante, mara mbili. Rahab akamshika mkono. Mvua sasa ilikuwa inanyesha vizuri, na wazee walikuwa wamelivuta benchi chini ya baraza, miguu wameikunja wasikanyage mahindi.

Gia akanyoosha kikombe chake. Safiyo akainua birika, akaliinamisha, likatoa tone moja na mashapo.

— Imeisha, mzee.

— Sawa. Gia akakiangalia kikombe kitupu. Kisha akawaangalia wenzake, mmoja baada ya mwingine. — Lakini hebu niambieni. Jumatatu, kahawa itapikwa na nani?

Jaji akamtazama Antena. Antena akatazama mvua.